Siti ya dereva inakuumiza? Tafuta kosa kabla hujashika spana

Kati ya maombi yote ya siti yanayofika gereji, hili ndilo linaloongoza: "Fundi, niinulie siti kidogo." Dereva wa IST au Probox aliyeingia barabarani tangu alfajiri anataka awekewe washa nne (visahani vya chuma vyenye tundu) chini ya reli za siti, alipe, aondoke. Kuweka washa ni kazi ndogo. Tatizo ni kwamba siti nyingi zinazolalamikiwa hivyo hazina kosa kwenye boliti. Ama sponji imekufa, ama springi imechomoka kwenye fremu, ama siti ni nzima ila imewekwa mahali pasipo pake. Ukiinua siti yenye sponji iliyokufa, umepata siti ileile mbovu, safari hii ikiwa juu zaidi.

Kwa hiyo tutaanza na unachokisikia mwilini, kisha tushuke hatua kwa hatua: mkao, sponji, reli, na boliti za sakafuni mwishoni kabisa. Nazungumzia zaidi magari madogo ya Kijapani yaliyojaa barabara zetu, Vitz, IST, Passo, Probox, pamoja na Noah na Hiace ambazo zina mambo yake.

Rudisha siti kwenye sifuri kwanza

Kabla hujahukumu siti, ikae inavyotakiwa. Egesha mahali tambarare. Vaa viatu unavyoendeshea. Mtu anayejaribu siti kwa kandambili kisha akaendesha kwa buti hapimi kitu. Toa pochi na funguo mfuko wa nyuma. Hili la pochi si mzaha: pochi nene upande mmoja inapandisha nyonga moja na kubana mshipa mkubwa wa fahamu unaopita tako kwenda mguuni, na wapo waliobadilisha siti nzima kumbe dawa ilikuwa kuiweka pochi kwenye dashibodi.

Kisha fuata mpangilio huu, na usiuruke. Sukuma makalio hadi nyuma kabisa yaguse egemeo. Kama siti ina mpini wa kupandisha, pandisha hadi uone barabara vizuri na bado ngumi yako ipite kati ya kichwa na dari. Sasa sogeza siti mbele au nyuma: kanyaga klachi hadi mwisho, au breki kwa nguvu kama gari ni oto, na goti libaki limekunjika kidogo. Goti likinyooka kabisa, uko mbali. Halafu egemeo: mabega yakiwa yamelala kwenye siti, nyoosha mkono, kifundo cha mkono kitue juu ya usukani. Kama ni vidole tu vinavyofika, egemeo limelala mno. Mwisho kabisa teremsha au pandisha usukani, kisha mto wa kichwa, ambao ukingo wake wa juu ufike karibu usawa wa utosi.

Chukua futikamba upime kutoka katikati ya kifua hadi katikati ya usukani. Wataalamu wa usalama barabarani wa Marekani wanashauri pawe na sentimita 25 au zaidi, kwa sababu mfuko wa hewa unatoka kwa kasi ambayo mtu aliye karibu kuliko hapo unamuumiza badala ya kumwokoa.

Endesha hivyo siku mbili tatu. Wengi malalamiko yao huishia hapa, na fundi hapati kitu. Yakibaki, endelea.

Mapaja yanakufa ganzi, miguu inawaka

Ganzi inayoanza baada ya nusu saa na kuisha ukishuka kunyoosha miguu karibu kila mara ni ukingo wa mbele wa kikalio unaobana chini ya paja. Ingiza vidole kati ya ukingo wa siti na nyuma ya goti. Vikiingia viwili au vitatu bila kusukuma, urefu wa kikalio unakufaa. Visipoingia, kikalio ni kirefu kwako au mbele pako juu mno.

Ila pa kuangalia hasa ni nyuma. Siti ikizeeka, sponji hufa pale makalio yanapokaa, si pale mapaja yanapolala. Makalio yanazama, ukingo wa mbele unabaki palepale, na wewe unahisi kama mbele pamepanda. Dereva anaomba mbele pashushwe, kumbe nyuma ndipo palipoanguka.

Kipimo chake ni siti ya abiria, ambayo katika gari la kazi huwa haijachoka kama yako. Kaa kwanza kwa dereva, mtu apime kutoka sakafuni hadi chini ya paja lako karibu na nyonga. Hamia kwa abiria, apime tena. Tofauti ya sentimita mbili au tatu inakutosha kujua kwamba kazi hii ni ya fundi siti. Usiridhike na kubonyeza kwa ngumi. Sponji iliyokufa inaweza kuwa ngumu kwa juu kwa sababu imeshikana na vumbi na jasho, lakini ukikaa inashuka hadi kwenye chuma.

Fundi siti akiifungua, simama uone. Mwambie ageuze kikalio chini juu. Utaona waya uliopindwapindwa kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine, na juu yake kitambaa kigumu kinachozuia waya usikate sponji. Kwenye siti iliyochoka, kitambaa hicho kimetoboka, na chini ya sponji waya umechora mfereji, unga wa njano ukimwagika kila ukitikisa. Tazama pia ndoano za waya zinaposhika fremu: tundu likiwa limelika hadi kuwa refu, au kibano cha plastiki kimevunjika, upande huo utashuka hata ukiweka sponji mpya. Rekebisha ndoano kwanza, weka kitambaa kigumu kipya, ndipo sponji. Na sponji iwe ngumu ya siti; kipande cha godoro kitakupa raha wiki mbili kisha kilale.

Sponji nzima inafanya kazi nyingine usiyoiona. Mwili wa mtu aliyekaa hutikisika kupita kiasi pale mtetemo unapokuwa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na barabara ya vumbi yenye mawimbi, au rasta za lami zilizopangwa karibu karibu, zinaweza kukutikisa humohumo. Sponji iliyokufa haipunguzi chochote. Kwa anayeendesha Dar hadi Dodoma na kurudi, kilomita 450 na ushee kila upande, hilo peke yake linatosha kumkaza kiuno.

Mapaja yananing'inia, unateleza kwenda mbele

Hapa ndipo boliti zinapoingia kwa haki. Mtu mrefu akikaa kwenye Vitz, magoti yako juu, mapaja hayagusi siti isipokuwa karibu na makalio, uzito wote uko kwenye mifupa miwili ya kukalia. Kila akikanyaga breki anateleza mbele kidogo, anajirudisha, anateleza tena. Jioni kiuno kimekaza na yeye anaamini siti ni ngumu.

Siti yenye mpini wa kupandisha mbele peke yake haihitaji kingine. Isiyo nao, kuinua boliti mbili za mbele kwa spesa, yaani kipande cha chuma cha kuinulia, kunasaidia kuliko kuinua zote nne. Hesabu yake ni rahisi: boliti za mbele na za nyuma zikiachana sentimita 40, spesa ya milimita 10 mbele inalaza siti nzima karibu digrii moja na nusu. Inaonekana kidogo, lakini mapaja yanahisi mara moja. Milimita 15 ni nyingi, na zaidi ya 20 mimi siweki.

Kumbuka egemeo nalo linalala kwa kiasi hichohicho. Kwenye urefu wa sentimita 60 kutoka kwenye maungio, milimita 10 za mbele zinarudisha mabega nyuma kama sentimita moja na nusu, hivyo usukani unakuwa mbali. Simamisha egemeo notchi moja (jino moja la kifungo), pima tena kifundo cha mkono juu ya usukani. Anayesahau hili anarudi akilalamika mabega, na fundi anaanza kutafuta ugonjwa alioutengeneza mwenyewe.

Namna ya kuweka spesa nitaieleza chini, kwa sababu ina mitego.

Kiuno kinauma katikati

Maumivu ya katikati, juu kidogo ya mkanda wa suruali, mara nyingi ni egemeo lililolala. Madereva vijana wanapenda kulala nyuma mkono mmoja juu ya usukani; mkao huo unakunja mgongo wa chini uwe kama upinde, na kichwa kinalazimika kutangulia mbele ili macho yaone. Simamisha egemeo, usogee karibu. Ukiona tofauti ndani ya siku chache, hakuna cha kufungua.

Kama egemeo limesimama na bado kuna shimo kati ya kiuno chako na siti, sponji ya egemeo imelika au waya wa ndani umekatika. Taulo lililokunjwa unene wa ngumi, likiwekwa juu kidogo ya mkanda, ni kipimo kizuri: likikupa nafuu, mwambie fundi siti aongeze sponji pale pale, unene uleule. Likizidisha maumivu, usiongeze kitu, na kama maumivu yanashuka mguuni hadi chini ya goti, nenda kwa daktari kabla ya gereji.

Upande mmoja tu unauma

Hii ninaipa muda wake. Maumivu ya upande mmoja maana yake kuna kitu kimepinda, ama wewe ama siti.

Gari zetu usukani uko kulia, kwa hiyo dereva anaingia na kutoka akikwaruza ubavu wa kulia wa kikalio. Ubavu huo hufa kwanza. Ukikaa, nyonga ya kulia inashuka, mgongo unajipinda kushoto kuusawazisha. Inama usawa wa dirisha uangalie siti tupu kwa nyuma: kama ubavu wa kulia umelala na wa kushoto umesimama, umepata jibu.

Kama pande zote mbili zimesimama, leta pimamaji. Gari likiwa tambarare kweli (pima kwanza kizingiti cha mlango kwa upana wa gari, usiamini macho), weka pimamaji juu ya fremu ya siti kwa mapana, siyo juu ya sponji. Povu likikimbia upande mmoja, ama reli moja imeinuliwa na washa za mtu aliyekutangulia, ama sakafu imewahi kunyooshwa baada ya ajali. Gari la mtumba haliji na historia yake yote. Inua zulia uone: rangi ya sakafu isiyofanana na kwingine, mstari wa kuchomelea ambao kiwandani haupo, mikunjo karibu na miguu ya reli. Washa unaziondoa kwa dakika chache. Sakafu iliyopinda ni kazi ya fundi bodi mwenye vipimo, usiisawazishe kwa spesa upande mmoja.

Na kuna upindo usio na tiba. Kwenye magari madogo ya usukani wa kulia, tairi la mbele kulia linachukua nafasi ya miguu, hivyo pedali zimesukumwa kidogo kushoto kuliko katikati ya siti. Miguu inaelekea kushoto, mabega yanaangalia mbele. Kuna mafundi wanaotoboa sakafu mashimo mapya ili kuhamisha siti. Kataa. Nati za siti zimechomelewa kwenye sehemu ya sakafu iliyoongezewa chuma kwa chini. Kando kidogo tu ya hapo ni bati tupu.

Siti inacheza ukifunga breki

Usiahirishe hii hata siku moja. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 17, inayohusu uimara wa siti, inataka siti na vifungio vyake vistahimili mara 20 ya nguvu ya mvutano wa dunia bila kung'oka. Kama kifungio cha mkanda wako kimefungwa kwenye fremu ya siti, na mara nyingi ndivyo kilivyo, basi boliti zilezile zinakushika na wewe.

Kaa, mwenzako achutame mlangoni na tochi. Tikisa siti mbele na nyuma kwa makalio. Yeye aangalie sehemu mbili: kama reli ya chini inasogea juu ya sakafu, au kama reli ya juu inasogea ndani ya reli ya chini.

Reli ya chini ikisogea, boliti imelegea. Dalili nyingine ni pete inayong'aa kuzunguka kichwa cha boliti, rangi imelika, na unga wa kutu mwekundu pembeni. Magari mengi ya Toyota hutumia soketi namba 14 hapo, na kipimo cha kukazia kwenye modeli nyingi ni nyutoni mita 37. Hiyo si nguvu kubwa. Fundi mwenye bomba la mita moja kwenye spana anaipita bila kujua, na ndivyo nyuzi zinavyokufa. Tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia. Boliti ikizunguka tu bila kukaza, usiijaze gundi wala usiifunge uzi. Nyuzi zilizochubuka kidogo zinasafishwa kwa tepu (chuma cha kukatia nyuzi) ya saizi yake. Nati iliyong'oka chini ya sakafu inahitaji zulia litolewe na nati mpya ichomelewe pamoja na bamba, na tanki la mafuta na nyaya viwe vimeangaliwa viko wapi kabla moto haujawashwa.

Reli ya juu ikisogea ndani ya ya chini, kuna mambo mawili. Kuna ule mchezo mdogo wa gololi zilizolika, unaolia "tik" ukianza kuondoka na ukifunga breki. Unakera lakini unavumilika. Na kuna hatari yenyewe: kifungo kimeshika upande mmoja tu. Siti ina reli mbili na kila moja ina kifungo chake, vyote vikivutwa na chuma kimoja unachokishika chini ya siti. Chuma hicho kikipinda, mara nyingi kwa kukanyagwa na abiria wa nyuma, upande mmoja unaingia kwenye meno na mwingine unabaki njiani. Siti inaonekana imefunga. Siku ya kukanyaga breki kwa nguvu mlimani, inaachia.

Ili kujua, sogeza siti notchi moja moja toka nyuma hadi mbele, na kila notchi isukume kwa nguvu kwanza upande wa kulia, kisha wa kushoto. Upande unaotembea hata milimita chache peke yake ndio mgonjwa. Nyoosha chuma hicho hadi vifungo vyote viwili vilie pamoja. Meno yakiwa yamelika, tafuta reli nzima za modeli ileile, Gerezani kule Dar au Kirinyaga Road kule Nairobi zinapatikana, na uzijaribu pale pale dukani kwa mkono kabla ya kulipa.

Siti haisogei, au inasogea kwa mapigano

Sarafu, kifuniko cha soda, maganda ya karanga, mchanga. Toa kwa kinyonya vumbi na bisibisi nyembamba. Futa grisi ya zamani kwa kitambaa chenye dizeli, pakaa grisi nyeupe kidogo sana, sukuma siti mwisho hadi mwisho mara kadhaa, futa iliyojitokeza. Oili chafu ya injini, ambayo kila gereji inayo bure, inakusanya vumbi na mwezi haupiti umerudi ulipokuwa.

Kifundo cha mguu wa kulia kinachoka

Swali la kwanza: siti imewahi kuinuliwa? Ukiinua boliti zote nne, pedali hazipandi na wewe. Kisigino kinatoka sakafuni, mguu unaning'inia juu ya eksileta, na misuli ya mbele ya mguu inafanya kazi safari nzima. Mtu mfupi anayeinua siti ili aone barabara anajikuta amelazimika kusogea mbele, kifua kimeingia ndani ya zile sentimita 25. Kwake ni bora mto mgumu mwembamba wenye upande wa nyuma mnene kuliko wa mbele, ulioshonewa kwenye siti ili usiteleze. Na kipande cha ubao chini ya kisigino, ambacho nimeshakiona zaidi ya gari moja, kitoe leo. Kikiteleza chini ya pedali ya breki hutapata nafasi ya kukitoa.

Kichwa kinagusa dari

Kwa mrefu ndani ya Passo. Hapa usikubali mtu akate miguu ya reli wala akereze chini ya fremu. Punguza sponji ya kikalio kwa fundi siti anayejua kazi, sentimita mbili ni salama kama springi ni nzima, na lalisha egemeo kidogo. Kama bado, gari hilo si saizi yako, na hakuna boliti itakayolibadilisha.

Kuweka spesa bila kujiletea msiba

Angalia kwanza ubavu wa egemeo upande wa mlango. Ukiona kibandiko cha SRS, kuna mfuko wa hewa ndani ya siti, na chini ya siti kuna plagi ya njano. Zima gari, toa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90, ndipo uchomoe plagi. Usiwashe swichi hata kidogo plagi ikiwa nje. Ukiiwasha, taa ya SRS itawaka na itabaki hivyo hadi ifutwe kwa mashine. Kwa njia hiyohiyo, siti ya namna hii usiivishe kava iliyoshonwa kuzunguka ubavu mzima, kwa sababu mfuko unatokea hapo.

Ondoa boliti za mbele, legeza za nyuma nusu bila kuzitoa. Tazama chini ya miguu ya reli: baadhi ya siti zina pini ndogo inayoingia kwenye tundu la sakafu. Spesa ikiinua pini hiyo itoke kabisa, siti inaanza kutegemea boliti peke yake isiteleze kando, basi chagua spesa nyembamba zaidi.

Spesa iwe kipande kimoja cha chuma kilichokerezwa, kipana angalau kama mguu wa reli, tundu lake likilingana na boliti. Rundo la washa linateleza moja juu ya nyingine, mbao inakauka na kulegea, aluminiamu laini inabonyea. Bati za kukunja usizitaje.

Boliti lazima iwe ndefu zaidi kwa unene uleule wa spesa. Ilikuwa milimita 25, umeweka spesa ya 10, nunua ya 35. Hapa ndipo mtego mkubwa: boliti za milimita 10 kwenye magari mengi ya Kijapani zina nyuzi za karibu karibu, milimita 1.25 kutoka uzi hadi uzi, wakati duka la vifaa vya ujenzi linauza za 1.5. Zinafanana kwa macho. Ya dukani inaingia mizunguko miwili kwa mkono, inakataa, fundi anaisukuma kwa spana, na nati ya sakafuni imekufa. Chukua boliti yako ya asili ukailinganishe, nyuzi kwa nyuzi, zishikamane bila mwanga kupita. Kichwani isomeke 8.8 au 10.9, ambayo ni alama ya uimara wake; isiyo na maandishi yoyote iache dukani. Na usichukue boliti ya mkanda kuweka kwenye siti au kinyume chake, ile ya mkanda kwa kawaida ni ya inchi 7/16 na nyuzi zake ni nyingine kabisa.

Ingiza boliti zote nne kwa vidole kabla ya kukaza yoyote. Ikiwa ya nyuma inaingia kwa mshazari kwa sababu mbele pamepanda, weka washa yenye mteremko chini ya kichwa chake, usiivute inyooke kwa nguvu. Kaza kwa kupokezana pembe kwa pembe, siti ikiwa nyuma kwa boliti za mbele na mbele kwa boliti za nyuma. Kisha rudia kile kipimo cha notchi, kwa sababu spesa zisizolingana hata kidogo zinapindisha reli na upande mmoja unaacha kufunga.

Mwisho funga mkanda. Sehemu ya chini ipite juu ya mifupa ya nyonga, siyo tumboni, na ya juu ikatishe katikati ya bega. Kifungio kikiwa kwenye fremu, kimepanda pamoja na siti; nanga ya upande wa mlango imebaki sakafuni. Kwa milimita 10 tofauti ni ndogo. Kwa 30 mkanda unaanza kupanda tumboni, na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukataa spesa nene.

Baada ya wiki moja ya barabara, kaza tena kwa kipimo kilekile.

Hiace na Noah za zamani

Hizi zina injini chini ya siti za mbele, kwa hiyo siti, pamoja na sanduku lake, hunyanyuliwa kila injini inapoguswa. Siti ya Hiace inayolia au kuyumba ghafla baada ya kutoka gereji, usitafute reli wala sponji. Muulize fundi kama alirudisha vibano vyote. Nyanyua mwenyewe, tazama kama mpira wa kuzunguka sanduku umekaa mahali pake, shusha, bana, kisha vuta kwa nguvu juu. Mpira ukikosekana siti inalia na joto la injini linapanda moja kwa moja kwenye mapaja, na dereva wa daladala atakuja kukwambia anataka sponji nene zaidi kwa sababu siti inamchoma. Sponji haitamsaidia. Mwekee mpira.